Kemu niliyochora mwenyewe: juu inavuta, chini inatetemeka na valvu zinalia kama cherehani

NunduMbili

Wakuu habari za saa hizi. Naombeni msaada maana hapa nilipofika nimegota. Nina injini ya silinda 4, cc 1,600, kemu (ile shafti yenye nundu za kufungua valvu) iko chini kwenye bloki inasukuma tapeti bapa (kipande cha chuma kinachokaa juu ya nundu), pushirodi (fimbo ya kusukuma) halafu rokaa (mkono unaobonyeza valvu), kabureta ni moja ya koo mbili. Kemu ya kiwandani ilikuwa tulivu sana ila ikifika 5,000 inakata pumzi, unakanyaga na hakuna kinachoongezeka. Nikasema hapana, ntachora ya kwangu. Nikakaa na spredishiti wiki tatu, nikachora nundu kwa matao, tao moja la ubavuni na jingine la kichwani, yote yanaungana vizuri na mviringo wa chini (sehemu ya kemu isiyonyanyua valvu) hakuna kona hata moja, nikampelekea mtu mwenye mashine ya kusaga kemu akanisagia.

Matokeo yake kuanzia 4,000 hadi 6,500 injini imekuwa mnyama, hapo sina lawama. Shida ni mbili. Ya kwanza sailensa, ukitoa mguu kwenye mafuta gari zima linacheza, mshale wa RPM unahangaika kati ya 700 na 1,100, na chini ya 2,500 ukikanyaga ghafla inakohoa. Tena ukifungua kabureta kwa mkono huku unachungulia mdomoni unaona petroli inaelea juu kama ukungu, sijawahi kuona hiyo kitu. Ya pili ni kelele, valvu zinapiga tiki tiki tiki mpaka mtu aliyekaa nyuma anauliza kuna nini. Klirensi (nafasi kati ya rokaa na mkia wa valvu) nimeset kwa fila (bapa jembamba la kupimia) mm 0.30 zote nane, nimerudia mara nne.

Sasa mnawezaje kupata nguvu ya juu bila kupoteza utulivu wa chini? Na hizi kelele ni kwa sababu nimenyanyua valvu sana? Kwenye valvu ni mm 10.5, rokaa ni 1.5 kwa 1. Nawaza nipunguze kimo.

Kelele_ni_Afya

Mkuu hiyo ndo raha ya kemu ya mbio, ikitulia kama feni ujue umepigwa. Pandisha sailensa iwe 1,200, weka springi nzito, maisha yaendelee.

FundiRokaa

Namheshimu jamaa hapo juu ila springi nzito isiwe dawa ya kila homa.

NunduMbili kabla hujagusa mchoro toa data kwanza. Inteki (valvu ya kuingiza hewa) inafunguka digrii ngapi kabla pistoni haijafika juu, inafunga ngapi baada ya kupita chini, pembe kati ya ncha ya nundu ya inteki na ya ekzosti (valvu ya kutoa moshi) ni ngapi, na rampu yako ina kimo gani (ule mteremko mwembamba kabla ubavu haujaanza). Bila hizo tunapiga ramli.

Halafu fanya hivi, injini ikishapata moto toa kifuniko cha rokaa, iache sailensa, oili itakurukia kidogo vaa nguo ya kazi, chukua bapa la fila la 0.20 uliingize taratibu kati ya rokaa na mkia wa valvu, moja baada ya nyingine. Pale tiki inapopungua umempata mhusika. Zikipungua zote kila unapoingiza basi sio valvu moja mbovu, ni mchoro au klirensi yenyewe.

NunduMbili

Nimefanya, nimeungua kidole kimoja lakini nimefanya. Zote nane zinapungua, ila ekzosti ya silinda ya 3 inapungua kidogo tu.

Data: valvu inakaa wazi digrii 290 za krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), inteki na ekzosti sawa. Pembe kati ya ncha ni 106. Inteki inafunguka 39 kabla ya juu, inafunga 71 baada ya chini, ekzosti ni hivyo hivyo kwa kugeuza. Mviringo wa chini radiasi mm 15, nundu inanyanyua mm 7 kwenye kemu. Tapeti kipenyo mm 26. Rampu niliweka ya mm 0.15, inapanda 0.008 kwa digrii ya kemu, niliona inatosha.

FundiRokaa

Haya sasa tunaongea. Sailensa yako iko hapa: 39 ukijumlisha na 39 unapata 78. Hizo ni digrii 78 ambazo inteki na ekzosti zote ziko wazi kwa pamoja. Ukiwa sailensa koo la kabureta limefungwa, kwenye manifoldi kuna mvuto mkubwa, upande wa ekzosti kuna moshi wenye presha karibu sawa na hewa ya nje. Unafikiri moshi utaenda wapi? Unarudi ndani, unapita hadi manifoldi ya inteki, pistoni ikishuka inavuta mchanganyiko uliojaa moshi uliokwisha ungua. Silinda moja inashika moto vizuri, inayofuata inashika nusu, nyingine haishiki kabisa, ndo huko kucheza. Bila shaka na breki zako zimekuwa ngumu kidogo ukiwa umesimama, maana buster ya breki inakula mvuto huohuo.

Huo ukungu wa petroli unatokana na kitu kingine. Inteki inafunga 71 baada ya chini, yaani pistoni imeshaanza kupanda kitambo na mlango bado uko wazi. Kwenye 6,000 haina neno, hewa inakuja kwa kasi na uzito wake wenyewe inaendelea kujisukuma ndani hata kama pistoni inapanda, na hapo ndipo nguvu yako ya juu inapotoka. Kwenye 1,500 hewa haina hiyo kasi kwa hiyo pistoni inairudisha ilikotoka, inapita kwenye kabureta mara ya pili inachota petroli tena, unaiona inaelea. Na kilichorudi nje hakikandamizwi, so hata kama injini yako kwa vitabu ina kompresheni nzuri, chini huko inafanya kazi kama yenye kompresheni ndogo.

Hivyo vitu viwili watu wengi wanavichanganya. Ukiniuliza nguvu itakaa RPM ngapi ntaangalia kwanza inteki inafunga lini. Ukiniuliza itatulia sailensa ntaangalia ovalapu, yaani zile digrii ambazo valvu zote mbili ziko wazi.

Kelele namwachia dada Mchapuko, yeye ndo mtu wa hesabu hizo.

Mchapuko

Nimeitwa nimekuja 😀

Kaka NunduMbili kimo usikilaumu, angalia rampu. Tumia namba zako mwenyewe. Umeset 0.30 kwenye valvu, rokaa ni 1.5, kwa hiyo upande wa kemu hiyo klirensi ni 0.20. Rampu yako ni 0.15. Unaona? Tapeti inamaliza rampu yote na valvu bado haijaguswa, inaanza kupanda ubavu, ikifika 0.20 ndo rokaa inaikuta valvu, tayari ikiwa mbioni. Kufunga ni hivyo hivyo kinyumenyume, valvu inatua kwenye siti kemu ikiwa bado ubavuni. Yaani rampu umeichora, umeilipia kusagwa, na haijawahi kufanya kazi hata siku moja.

Kwa ukubwa gani? Injini ikiwa 6,000 kemu inazunguka nusu yake, 3,000, sawa na digrii 18,000 kwa sekunde. Kama valvu ingetua ndani ya rampu, 0.008 mara 1.5 ni 0.012 kwa digrii, ingetua kwa mita 0.22 kwa sekunde. Lakini ubavu wako, kwa kimo na digrii ulizotoa, mchapuko wake (jinsi spidi inavyoongezeka) napata kama mm 20 kwa radiani mraba. Kwenye ile 0.05 ya ziada spidi inakuwa imeshapanda hadi 0.026 kwa digrii, kwenye valvu 0.039, ukipiga hesabu valvu inatua kwa mita 0.70 kwa sekunde. Zaidi ya mara tatu, na nishati ya pigo inaenda kwa mraba wa spidi kwa hiyo ni zaidi ya mara kumi. Mtu wa siti ya nyuma ana haki ya kuuliza.

La pili ni hayo matao. Fungua spredishiti yako chora grafu tatu, moja chini ya nyingine, kimo, spidi, mchapuko. Ya kimo itakuwa laini inapendeza. Ya spidi itaungana ila itakuwa na pembe pembe. Ya mchapuko utakuta ngazi: sifuri, sifuri, ghafla 20, inaenda ienda, ghafla inadondoka chini ya sifuri, na kichwani inafika minus 16. Kidole kikipita juu ya nundu hakisikii hizo ngazi, pushirodi inazisikia. Pushirodi na rokaa sio chuma kigumu kama tunavyojifanya, ni springi nyembamba ngumu, ukiipa mchapuko kwa ghafla inajikunja kidogo halafu inajirudi, inajikunja tena, na huko kutetemeka ndo kelele ile nyingine inayoanza kuanzia 3,000 hivi kama mchanga kwenye kopo. Unayo hiyo?

NunduMbili

Ninayo!! Nilidhani ni cheni ya taiming. Nimechora hizo grafu, kweli ya tatu ni ngazi tupu, nimeona aibu.

Sasa nichore vipi? Na kwanini nisitumie ile njia ya mchapuko usiobadilika nusu ya kwanza na nusu ya pili, nimesoma ndo inatoa mchapuko mdogo kuliko zote?

Mchapuko

Ni kweli ndo ndogo kuliko zote na ndo mtego wenyewe. Kupanda kimo kilekile ndani ya digrii zilezile, ukitumia hiyo njia kilele cha mchapuko kinatoka na kizidishi 4. Fomula za kuchora nundu laini, polinomia ya 3-4-5 inatoa 5.77, saikloidi inatoa 6.28. Ukiangalia hapo tu utachagua 4. Lakini ile ya 4 inafika kwenye 4 kwa kuruka papo hapo, hizo nyingine zinaanza sifuri zinapanda taratibu na kurudi sifuri. Ulaini unalipiwa kwa kilele kirefu zaidi, sasa ni wewe kuamua ulipe kiasi gani.

Ila kwa nundu ya valvu usichukue fomula ya kitabu ukaibandika ilivyo, maana zile zinachukulia kupanda na kupunguza mwendo kuwa sawa. Kwenye valvu kazi mbili hizo zinafanywa na watu wawili tofauti. Kuiharakisha valvu kufunguka inafanya kemu, na kemu ina nguvu hata uikandamize vipi. Kuipunguza mwendo pale juu ili ifuate kichwa cha nundu inafanya springi peke yake. Kwa hiyo wanaochora vizuri wanafanya mchapuko wa kwanza uwe wa digrii chache ila wenye kilele kirefu, halafu ule hasi uwe chini chini na wa digrii nyingi, springi isihenyeke. Vipande viunganishwe kwa polinomia ili kwenye kila kiungio mchapuko uwe namba ileile pande zote mbili.

Rampu: 0.20 ya klirensi, ongeza kujikunja kwa pushirodi, ongeza chuma kutanuka ikipata moto, mimi ningeenda 0.28 kwenye kemu. Ya kufungia iwe taratibu kuliko ya kufungulia, hakuna sheria inayosema nundu lazima ifanane kushoto na kulia.

Na kuna kikomo usikisahau, kipenyo cha tapeti. Kwa tapeti bapa, pale nundu inapogusia kunahama kutoka katikati kwa umbali ulio sawa na spidi ukiiweka kwa mm kwa radiani. Tapeti yako ni mm 26, nusu yake 13, acha mm 1 ya ukingo ubaki 12, gawa kwa 57.3 unapata 0.209 mm kwa digrii. Ukizidi hapo ukingo wa tapeti unakwangua nundu, na kemu itakufa mapema tu. Wenye tapeti za rola hawana kikomo hiki, ndo maana nundu zao zinaweza kuwa na ubavu wa kubonyea ndani.

MzeeTapeti

Vijana mmeongea vizuri mzee nasoma tu huku nafurahi. Nirudi kwa huyu wa springi nzito maana ushauri ule umeua kemu nyingi.

Springi inatakiwa ishinde nguvu moja tu, ile ya kuirudisha valvu pale kichwani mwa nundu. Kijana una minus 16 kwenye kemu, kwenye valvu ni 24. Tuseme uzito wa valvu, kikombe chake, sehemu ya springi, rokaa na pushirodi ukiuhamishia kwenye valvu ni gramu 150. Kwenye 6,500 hiyo inahitaji niutoni 417. Ukitaka 7,500 inahitaji 555. RPM zimeongezeka 15 kwa mia, springi 33 kwa mia. Na hiyo springi ya 555 haijui kama umekaa sailensa, inaendelea kukandamiza kichwa cha nundu palepale ambapo kemu inazunguka polepole na utando wa oili ni mwembamba kabisa. Hapo ndipo vichwa vya nundu vinapoliwa. Wewe mwisho wako ni 6,500, weka springi ya 6,500 na akiba kidogo juu yake, basi.

Kuna lingine. Springi nayo ina mtetemo wake wa asili. Tuseme ni hezi 400, hiyo ni mara 24,000 kwa dakika, kemu ikiwa 3,000 inaangukia kwenye wimbi la nane la mchoro wako, yaani mtikisiko unaojirudia mara nane kwa kila mzunguko wa kemu. Mchoro wenye ngazi una mawimbi hayo ya juu yenye nguvu, springi inaanza kucheza yenyewe koili kwa koili, valvu inaruka kwenye siti baada ya kufunga, na wewe unafikiri springi ni dhaifu unaongeza nzito zaidi. Mchoro laini unaweza kukupa RPM za ziada kwa springi ileile.

Na yeyote atakayekuja kusema weka tapeti za haidroli, ni kweli zinanyamazisha maana klirensi ni sifuri, lakini valvu ikielea tu (ikishindwa kufuata nundu) kwenye RPM za juu tapeti inajaza lile pengo kwa oili, valvu haifungi sawasawa, nguvu inakatika. Kwa gari la kwenda kazini sawa.

Kwanini viwanda havihangaiki hivi? Vinahangaika sana. Ducati mwaka 1968 kwenye pikipiki zao za silinda moja waliiacha springi isiwe ndo ya kufunga valvu, wakaweka nundu ya pili inayoivuta valvu irudi. Honda mwaka 1989 na VTEC wakaona bora kemu iwe na nundu za aina mbili, za chini na za juu, pini inafunga rokaa kwa presha ya oili RPM zikipanda. Wewe una nundu moja kwa kila valvu kwa hiyo chagua unaishi wapi. Unaendesha barabarani? Basi unaishi kati ya 1,500 na 5,000, hiyo 6,500 unaitembelea.

NunduMbili

Mzee hapo umenipiga palepale. Nimechora upya, angalieni kabla sijaenda kusaga: digrii 268, pembe 110, kemu nimeisogeza mbele digrii 4 kwa hiyo inteki inafunguka 28 kabla ya juu na kufunga 60 baada ya chini. Ovalapu imeshuka kutoka 78 hadi 48. Kimo kwenye kemu 6.6, kwenye valvu 9.9. Nimelazimika kupunguza maana kwa digrii chache hivyo nikibaki na 7 spidi inanipeleka ukingoni mwa tapeti, sasa hivi kilele ni 0.192. Rampu 0.28. Mchapuko hauna ngazi hata moja, nimekuza grafu mpaka macho yameuma.

FundiRokaa

Iko vizuri. Angalizo moja, hizo 268 unazipima kuanzia wapi? Rampu ndefu inaongeza digrii nyingi ambazo valvu haipitishi hewa yoyote ya maana. Wamarekani hupima tapeti ikiwa imenyanyuka mm 1.27, yaani 0.050 ya inchi, ndo maana kemu mbili zenye digrii sawa kwenye karatasi zinaweza kuwa ndugu wasiofanana kabisa. Linganisha ya zamani na mpya kwenye kimo kimoja, na ukiifunga hakikisha taiming kwa dayogeji (saa ya kupimia mwendo mdogo) na gurudumu la digrii, usiamini alama za cheni.

NunduMbili

Nimerudi wakuu, samahani kwa ukimya, mashine ya kusagia ilikuwa na foleni.

Digrii nimezipima mwisho wa rampu kemu zote mbili, kwa hiyo ulinganisho ni wa haki. Nimefunga, dayogeji ikaonesha nimekosea meno ya cheni jino moja (asante FundiRokaa, ningelia). Sailensa inakaa 850 mshale umetulia, inavuta kuanzia 1,800 bila kukohoa, ukungu wa petroli haupo. Juu nguvu inaanza kuchoka 6,200 badala ya 6,500, nimeisikia hasara hiyo na nimeikubali. Ile sauti ya mchanga kwenye kopo imeisha kabisa.

Tiki zimenyamaza saba. Ile ekzosti ya silinda ya 3 ikabaki inagonga peke yake, nikaset upya mara tatu fila inasema 0.30. Mwisho nikaweka dayogeji juu ya rokaa nikaitikisa kwa mkono, ikasoma 0.42. Nikaifungua rokaa, uso wake unaogusa mkia wa valvu umeliwa kuna kishimo kama alama ya ukucha. Fila ilikuwa inapita juu ya kishimo kama daraja, mkia wa valvu unazama ndani. Nimeusaga uso ukawa sawa, nimeset, kimya.

Mchapuko

0.42 ukigawa kwa 1.5 ni 0.28. Yaani hiyo moja ilikuwa inatua juu kabisa ya ukingo wa rampu mpya 😀 ndo maana ilibaki peke yake inapiga kelele.

Kelele_ni_Afya

Haya nimekubali. Hiyo spredishiti unaiweka hapa au mpaka tupige magoti?